Scooby-Doo, ile episodi ya shevalye mweusi: mutoto ameogopa, nifanye je?

Mama wa Kadutu (Bukavu):
Jambo yenu bote. Mutoto wangu wa miaka sita aliangalia kwa jirani ile episodi ya kwanza kabisa ya Scooby-Doo (katuni ya imbwa na vijana benye kufwata mambo ya mizimu), ya 1969, yenye iko na shevalye wa kuvaa machuma mwili mzima. Moto ya umeme ikakatika katikati. Sasa usiku hataki kwenda ku choo, anasema ule wa chuma anatembeaka mwezi ukiwa mzima, na choo yetu iko inje, munaelewa. Bibi yake anasema ni mashetani ya televizyo. Mwenye batoto, nimukataze kabisa ao?

Papa wa Himbi (Goma):
Mama, usimukataze, umumalizie. Moto ilikatika mbele bamuvue ile kofia ya chuma, njo maana kwake shevalye angali anatembea. Mule hakuna pepo. Ni Wickles, mwenye kuchunga muze (makumbusho). Alikuwa anaondoa picha za kweli na kuweka za uongo pahali pao, sasa profesa mmoja wa Uingereza anakuya na ile vazi ya chuma, na ule angejua palepale kama picha ni za uongo. Njo anamuficha, alafu anavaa chuma aogopeshe bantu. Mimi na wangu tunasimamishaka video penye Scooby na wenzake banapata miwani: hii ni ya nani, kazi gani inaomba miwani ya namna hii? Kisha ile picha yenye haiko ku ukuta na kidogo inarudi, na rangi ya kuchora yenye iko chini. Mutoto akishaanza kutafuta sawa Véra, ule binti wa akili mule ndani, woga inapunguka, juu kichwa iko na kazi.

Yaya wa Kenya (komini ya Lubumbashi):
Nakubali na papa. Huku kwetu kelele kidogo usiku, kesho unasikia jina ya mama muzee fulani wa avenue kama njo mulozi, na batoto banasikia yote. Ile episodi inauliza ingine: bantu bakiogopa, nani anapata faida? Mimi napenda mutoto akomae na ile swali, inaweza kumusaidia hata na mambo ya avenue. Nilipelekaka batoto ba dada yangu ku muze ya hapa L'shi, penye kuko misalaba ya shaba yenye bankambo balitumia sawa feza. Mudogo akasimama mbele ya kioo akaniuliza polepole kama hizi ni za kweli, na nani anashikaka funguo.

Mama wa Kadutu:
Asanteni sana. Na episodi zingine, zote mwisho ni muntu?

Papa wa Himbi:
Zile za 1969 na 1970, karibu zote unavua sura unakuta muntu, kuko moja ya pahali pa michezo yenye ni roboti. Ila uchunge ile filme ya 1998 ya kisiwa na mazombi, mule mazombi ni ya kweli, na serie ya 1985 ya mizimu 13 pia. Hizo zingoje akuwe mukubwa kidogo.

Mama wa Kadutu:
Sawa papa. Jirani amekubali kumurudishia siku ya mungu kuanzia penye ilikatikia. Nitaikala naye, na bibi yake nimemuomba akuye pia.