Kaledonia Mpya: ni nchi, ni jimbo la Ufaransa, au ni nini?

Mwalimu wa Katuba

Wakubwa kwa wadogo, salamu kutoka Katuba. Nafundisha jiografia sekondari hapa Lubumbashi. Alhamisi nilikuwa nachora Pasifiki ubaoni. Nikaweka Fiji, nikaweka Vanuatu, kisha Kaledonia Mpya, ile tunayoizoea kwa jina la Nouvelle-Calédonie. Kijana mmoja anayekaa dirishani (baba yake ni dereva wa malori ya Kolwezi kwenda Kasumbalesa) akanyoosha mkono: «Mwalimu, mbona kule kuna rais wa serikali na kuna bunge, halafu umeandika Ufaransa? Ni nchi au si nchi?»

Nilimwambia nitamjibu Jumatatu. Nimefungua atlasi yetu, imeandika «eneo la Ufaransa» ikaishia hapo. Nataka kujua nani anatawala nini, wenyeji ni akina nani, na kwa nini wamepiga kura ya uhuru mara tatu na mwaka 2024 bado mji umeungua. Naomba ajibu mtu anayeelewa, awaeleze watoto wa miaka 16 bila kuwadanganya. Jumatatu naingia darasani saa moja na nusu asubuhi.

Papa Maabara

Mwalimu, umenigusa. Nilikaa kule miezi saba, mwaka 2011, nikijifunza kazi ya maabara ya madini. Ngoja nikueleze kwa utaratibu wangu.

Siku ya kwanza, kutoka uwanja wa ndege wa Tontouta, ni kama kilomita 50 hadi mji mkuu, Nouméa. Nilikuwa nimechoka na ugeni umenishika. Gari likakata kona, nikaona kiwanda cha Doniambo: mabomba ya moshi katikati ya mji, na mabaki meusi ya tanuru yamemwagwa kando ya maji. Nikakumbuka bomba letu kubwa na kile kilima cheusi cha Lubumbashi. Tofauti ni kwamba chetu kinatazama mto na chao kinatazama bahari. Kiwanda kile kinayeyusha nikeli tangu 1910. Nikeli yenyewe iligunduliwa na mhandisi Jules Garnier mwaka 1864. Milima imechunwa, imebaki na udongo mwekundu kama wa njia ya Likasi. Niliutoa kwenye pindo la suruali kwa brashi na sabuni, haukutoka. Suruali ile nilirudi nayo nyumbani hivyo hivyo.

Ukubwa: kisiwa kikuu, Grande Terre, kina urefu wa kilomita kama 400. Ukitoka Lubumbashi ukapita Likasi ukafika Kolwezi, bado hujaumaliza urefu huo. Lakini ni chembamba, kilomita 50 hadi 70 tu, na mgongo wa milima umekikata katikati. Upande wa mashariki kuna mvua na kijani, wa magharibi ni mkavu, kuna ng'ombe. Mashariki zaidi, baharini, kuna visiwa vya Loyauté: Lifou, Maré na Ouvéa. Jumla ni kilomita za mraba 18,575, kama sehemu moja ya saba ya mkoa wetu wa Haut-Katanga. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 271,407.

Sasa swali la kijana. Si nchi huru, lakini pia si jimbo la kawaida la Ufaransa. Mamlaka yamegawanywa. Ufaransa imeshika jeshi, mambo ya nje, mahakama, usalama na fedha, na mtu wake pale ni Kamishna Mkuu. Yaliyobaki, yaani kodi, kazi, afya, biashara, madini, ni ya wenyewe. Wana mikoa mitatu: Kusini, Kaskazini na Visiwa vya Loyauté. Kila mkoa unachagua baraza lake, na kutoka mabaraza hayo wanatoka wajumbe 54 wa Kongresi: 32 wa Kusini, 15 wa Kaskazini, 7 wa Visiwa. Kongresi inatunga sheria zinazoitwa «sheria za nchi», na inachagua serikali ambayo vyama vinagawana viti kulingana na nguvu yao. Waliopingana kwenye kampeni wanakaa meza moja! Rais wa serikali anatoka humo. Hata pesa ni faranga ya Pasifiki, si yuro, ingawa thamani yake imefungwa kwa yuro.

Kuna pia Seneti ya Kimila, watu 16, wawili kwa kila eneo la kimila kati ya maeneo 8. Inasikilizwa kwa mambo ya utambulisho wa Wakanak na ardhi yao. Ardhi ya ukoo kule haiuzwi, haibadilishwi, haikamatwi na mdai. Na Mkanak anaweza kuandikishwa chini ya sheria ya kimila, hivyo mambo ya ndoa, watoto na urithi yanaamuliwa mbele ya jaji aliyekaa na wazee wa mila. Hapo niliwahusudu, nakiri. Sisi tuna machefu, tuna makaratasi ya serikali, na mwenye shamba hajui ashike lipi.

Wakanak ndio wenyeji. Neno hilo limetoka «kanaka», mtu, kwa lugha ya Hawaii, kama sisi tunavyosema muntu. Wazungu wakaligeuza tusi. Wenyewe wakalichukua tena na kuliandika kwa njia yao. Mwaka 2019 walikuwa asilimia 41, Wazungu 24, watu kutoka Wallis na Futuna 8, wengine ni mchanganyiko, Waasia, na kadhalika. Ufaransa ilichukua visiwa 1853, kuanzia 1864 ikapeleka wafungwa. Wakaja pia waasi wa Paris wa 1871, na Waarabu na Wakabyle wa Algeria walioasi mwaka huo huo. Wakanak walisukumwa kwenye maeneo yaliyotengwa, na hadi 1946 waliishi chini ya sheria ya «indigénat», ile ile ya kazi za lazima. Chifu Ataï aliasi 1878, akauawa, kichwa chake kikapelekwa Paris. Kimerudishwa 2014. Miaka 136, Mwalimu.

Jambo moja ambalo ningependa watoto walione. Mwenzangu wa maabara alinialika kwao, kaskazini. Kabla ya kuingia kijijini akasimamisha gari dukani, tukanunua kipande cha kitambaa chenye maua, sigara, akaweka noti juu. Tukafika mbele ya mzee. Akaviweka chini, akaniambia: «Sema wewe ni nani na umetoka wapi.» Nikasema jina langu, jina la baba, Lubumbashi, Kongo, kwamba naomba njia. Mzee akaweka mkono juu ya kitambaa, akajibu polepole, kisha akakichukua. Baada ya hapo nilikuwa mtu wa pale, nikala viazi vikuu pamoja nao. Wanauita ule mkutano «desturi» tu. Kule huingii kwa mtu mikono mitupu na mdomo umefungwa.

Kuhusu kura nitarudi jioni, nipo kazini.

Papa Maabara

Nimerudi. Kura.

Miaka ya 1980 damu ilimwagika. Aprili 1988, Ouvéa, Wakanak waliwateka askari polisi, wakawashikilia pangoni. Mei 5 jeshi likavamia, wakafa Wakanak 19 na wanajeshi 2. Mwezi uliofuata, kiongozi wa Wakanak Jean-Marie Tjibaou na yule wa wanaotaka kubaki na Ufaransa, Jacques Lafleur, walipeana mikono kwenye Makubaliano ya Matignon. Mwaka mmoja baada ya damu ya Ouvéa, Mei 4, 1989, Tjibaou na mwenzake Yeiwéné Yeiwéné wakapigwa risasi kwenye kumbukumbu ya wafu hao, na Mkanak mwenzao aliyeona wamewasaliti. Makubaliano ya Nouméa ya 1998 ndiyo yaliahidi kura za uhuru.

2018: HAPANA asilimia 56.7. 2020: HAPANA 53.3. Uhuru ulikuwa unakaribia. Kura ya tatu iliwekwa Desemba 12, 2021. Wakanak walikuwa kwenye kilio, Korona imetoka kuwaua wazee wao, wakaomba isogezwe. Paris ikakataa. Wakasusa. HAPANA ikapata 96.5 lakini waliopiga hawakufika asilimia 44. Upande mmoja unasema mambo yamekwisha, mwingine unasema kura ile haikuwa kura.

Halafu ikaja orodha ya wapiga kura. Kwa uchaguzi wa mikoa, wanaopiga ni waliokuwepo kabla ya Novemba 1998 na watoto wao. Aliyekuja 1999 anapiga kura ya rais wa Ufaransa na ya meya, ya mkoa hapigi. Takriban mmoja kati ya wapiga kura watano yuko nje. Mei 2024 Paris ilitaka kuwaingiza waliokaa miaka 10. Wakanak wakaona wanazamishwa kwa hesabu. Kuanzia Mei 13 Nouméa ikawaka, wakafa watu 14, maduka na viwanda vikateketea. Mpango ukasimamishwa, kisha ukaachwa. Julai 2025 pande zote zilitia saini makubaliano mengine huko Bougival, Ufaransa, na mwezi uliofuata muungano wa FLNKS wa wapigania uhuru ukayakataa.

Mama wa Komini Kenya

Papa Maabara, aksanti sana kwa maelezo. Ila nimeisoma ile habari ya orodha mara mbili na moyo umenienda mbio. Mimi nimezaliwa hapa Lubumbashi, hapa komini Kenya. Baba alitoka Kasai, aliletwa na kazi ya reli. Mwaka 1992, watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa huku Katanga, nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka stesheni, magodoro, sufuria imefungwa kwa kamba, dada yangu mdogo analala juu ya gunia la unga. Tulirudi baadaye. Lakini mimi nikisikia «hawa wa kwanza wanahesabiwa, wale waliokuja hawahesabiwi», siwezi kusema ni haki, hata kama wanaosema wameonewa kweli. Mtoto aliyezaliwa Nouméa mwaka 2000 na wazazi waliokuja 1999, amekosa nini?

Papa Maabara

Mama, sitakuambia hujaelewa. Umeelewa. Mtoto huyo hajakosa chochote, na kumweka nje maisha yake yote ni jeraha.

Lakini weka na jambo hili mezani. Mwaka 1972 waziri mkuu wa Ufaransa, Pierre Messmer, aliandika barua kwamba njia ya kuzuia madai ya wenyeji ni kuleta raia wa Ufaransa kwa wingi, ili Wakanak wabaki wachache. Baba yako aliitwa na reli akafanye kazi. Hakuna aliyemtuma aje kuzima sauti ya mtu. Kule, kuleta watu ilikuwa mbinu ya dola, na imeandikwa kwa mkono wa dola. Ndiyo maana Wakanak wanaishika orodha kwa meno.

Na ujue jambo la 1983. Kwenye mkutano wa Nainville-les-Roches, wapigania uhuru wa Kikanak walikubali kwamba uzao wa wafungwa na wa wengine walioletwa na ukoloni nao ni wahanga wa historia, hivyo wana haki ya kuamua pamoja nao. Waliufungua mlango wao wenyewe, bila kulazimishwa. Ugomvi ni mlango ule unafungwa tarehe gani, na nani anashika funguo. Mimi naamini ungefunguliwa zaidi kwa aliyezaliwa pale, ila Wakanak waufungue wao. Paris ikiufungua kwa nguvu, ni barua ya 1972 tena.

Mama wa Komini Kenya

Hapo umenijibu kama mtu mzima. Bado sijatulia, ila nimekusikia.

Kijana wa Kolwezi

Yaya zangu, naongeza la madini, maana mwanafunzi wa Mwalimu ni mtoto wa dereva. Mkoa wa Kaskazini, wa Wakanak, ulisema: hatutaki kuuza udongo tu, tunataka kiwanda chetu. Wakajenga Koniambo, mkoa ukiwa na asilimia 51 kupitia kampuni yake, na Glencore, kampuni kubwa ya madini, 49. Ndiyo Glencore hiyo hiyo iliyoko hapa kwetu kwenye migodi ya Kamoto na Mutanda. Nikeli ya Indonesia ikashusha bei, umeme kule ni ghali, tanuru zikasumbua. Februari 2024 Glencore ikatangaza inaondoka, na mwishoni mwa Agosti wafanyakazi kama 1,200 wakaachishwa. Hisa 51 na tanuru baridi. Hapa kwetu wanaotaka serikali iongeze hisa wasome habari hii kwanza, kisha waulize pia nani analeta fedha na nani ananunua.

Na kule kusini, Goro, wanachemsha udongo kwa asidi chini ya mgandamizo, wanatoa nikeli pamoja na kobalti. Kwetu kobalti inafuatana na shaba, kwao inafuatana na nikeli. Baba wa yule kijana anabeba ndugu wa mzigo wao.

Mwalimu wa Katuba

Nimefundisha leo asubuhi. Nilianza na bomba la moshi na udongo kwenye suruali, darasa likanyamaza. Kijana wa dirishani amesema sasa ameelewa: «Ni nyumba ambayo wenyewe wanapika na kupanga vyumba, lakini mlango mkubwa na bunduki ni vya mwingine.» Nimemwandikia ubaoni kama alivyosema. Swali la orodha waligawanyika nusu kwa nusu, na kuna wawili sikuwaacha waendelee kwa sababu najua nyumbani kwao kulitokea nini 1992.

Msichana mmoja ameniacha na swali: Wakanak wakikutana, wanaongea lugha gani?

Papa Maabara

Mwambie lugha za Kikanak ni 28, na hakuna hata moja inayowaunganisha wote kama Kiswahili kinavyotuunganisha sisi kutoka Kasumbalesa hadi Bunia. Wa Lifou na wa kaskazini wakikutana wanaongea Kifaransa. Mwenzangu wa maabara, mtu wa kaskazini, alioa mwanamke wa Lifou, na nyumbani kwao Kifaransa ndicho kilikuwa katikati ya sahani.

Lugha yenye wasemaji wengi ni Kidrehu, ya Lifou. Mke wake alinifundisha maneno mawili, moja la kuingilia na moja la kutokea: «bozu», salamu, na «oleti», asante. «Bozu» ukiisikiliza vizuri ni «bonjour» iliyovaa nguo zao.