Naomba ushauri: Entebbe tena na watoto, tufanye nini kipya?

Habari zenu, ndugu. Naomba ushauri wa siku mbili Entebbe na watoto wa miaka 5, 9 na 13. Bustani ya wanyama na mabembea wameshayazoea.

Siku ya kwanza nafikiria Mabamba, kinamasi cha Ziwa Victoria, kumtafuta korongo nyangumi (shoebill) kwa mtumbwi. Ni safari ya alfajiri, kwani asubuhi ndege huyo husimama wazi akivizia samaki aitwaye kamongo, na alasiri ziwa huchafuka kwa upepo wakati wa kurudi Entebbe. Hofu yangu ni huyo mdogo. Mtumbwi ni mwembamba, hauna kivuli, na jaketi la uokozi la mtu mzima humtoka mtoto kichwani akianguka majini. Je, ya watoto yanapatikana huko, au ninunue Kampala kabisa?

Siku ya pili ni kisiwa cha Ngamba kwa sokwe, takriban kilomita 23 kwa boti. Mwenye mafua asiende, maana sokwe huambukizwa magonjwa yetu. Akiugua mmoja, Bustani ya Mimea yenye mbega inatosha siku nzima, au niongeze nini?