Kutambua kama kivinjari cha mteja kinapokea vidakuzi: mnaamini njia ipi?

raba_za_gikomba
Salaam wadau. Nauza viatu vya mitumba mtandaoni, mzigo uko soko la Gikomba, Nairobi. Jumamosi mteja alikuja na simu yake mkononi. Anaweka raba namba 42 kwenye kikapu, anabonyeza "Lipa", kikapu kinarudi kitupu. Alirudia mara tatu nikitazama, na iliniuma. Kikapu kinategemea kidakuzi (cookie, kijitaarifa ambacho tovuti huweka kwenye kivinjari), kwa hiyo nataka ukurasa umwonye mteja mapema kivinjari chake kinapokikataa. Njia ninazozijua: kukiuliza kivinjari chenyewe kwa navigator.cookieEnabled, ambayo hujibu true (ndiyo) au false (hapana), kuandika kidakuzi cha majaribio kwa JavaScript na kukisoma, au kuiachia seva ipime. Mnatumia ipi?

fundi_kayole
cookieEnabled ni mstari mmoja tu, lakini usiijengee duka. Inakuambia kivinjari kinadai nini, haikuambii kama kidakuzi chako kimekaa. Mimi huandika document.cookie = "jaribio=1; SameSite=Lax", kisha natafuta neno jaribio ndani ya document.cookie. Likiwepo, nakifuta kwa max-age=0. Funga yote ndani ya try na catch, yaani amri za kunasa hitilafu, kwa sababu ndani ya fremu (iframe, ukurasa unaoonyeshwa ndani ya ukurasa mwingine) iliyowekewa vizuizi vikali, kugusa document.cookie kwenyewe kunaleta hitilafu na msimbo unakufa hapo hapo.

binti_wa_seva
Naheshimu njia ya fundi, ila haifanyi kazi JavaScript ikiwa imezimwa. Seva haijali hilo. Tatizo ni kwamba seva haiwezi kujua kitu kwenye ombi la kwanza. Wengi wanaoandika seva kwa PHP wanatuma kidakuzi kwa setcookie kisha wanaangalia $_COOKIE mstari unaofuata, wanakuta patupu, wanamlaumu mteja. Kidakuzi hurudi kwenye ombi la pili. Kwa hiyo kitume, mwelekeze mteja kwenye anwani yenye ?jaribio=1, ndipo uangalie. Bila hiyo alama, mtu aliyezuia vidakuzi atazungushwa bila kikomo.

fundi_kayole
Kweli dada, lakini hiyo ni safari moja zaidi kwenda kwenye seva, na mwenye bando dogo na mtandao dhaifu ataisikia. Tena roboti ya Google haitunzi vidakuzi kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Ukiweka kizuizi hicho kwenye ukurasa wa mbele, bidhaa zako hazitaonekana kwenye utafutaji.

binti_wa_seva
Hapo nakubali. Kiweke kwenye "Lipa" na kuingia kwenye akaunti, basi.

mzee_wa_rongai
Kabla ya kuchagua, niulize: huyo mteja aliingia dukani moja kwa moja, au kupitia tovuti nyingine iliyoweka duka lako ndani ya fremu? Na simu ni ya aina gani?

raba_za_gikomba
iPhone, mzee. Na ndiyo, kuna tovuti ya rafiki inayolionyesha duka langu ndani ya fremu.

mzee_wa_rongai
Basi umepata ugonjwa wako. Ndani ya fremu hiyo wewe ni mgeni, vidakuzi vyako vinahesabiwa vya mtu wa tatu, na Safari, kivinjari cha iPhone, inavizuia vyote hivyo tangu 2020. Hapo ndipo cookieEnabled inapodanganya vibaya zaidi: Safari hujibu true ilhali kidakuzi kinakataliwa, Chrome na Firefox zikivizuia hujibu false. Kuweka SameSite=None na Secure, alama za kuruhusu kidakuzi kutumika ndani ya tovuti nyingine, hakutakusaidia kwenye Safari.

raba_za_gikomba
Nimejaribu jioni hii kwa iPhone ya dada yangu. Ndani ya fremu: cookieEnabled imesema true, jaribio la fundi halikupata kitu. Nikafungua duka kwenye kichupo chake lenyewe, kidakuzi kikakaa na raba zikabaki kikapuni hadi kwenye malipo.

Nimeweka jaribio la fundi kwenye kila ukurasa wa bidhaa, na la binti_wa_seva kwenye "Lipa" pekee. Likishindwa, linatokea tangazo: "Kivinjari chako kimezuia vidakuzi, kikapu hakitahifadhiwa. Bonyeza hapa ufungue duka kwenye ukurasa wake." Yule mteja nimemtumia kiungo cha moja kwa moja. Namba 42 bado nimemwekea.