Tupeane uzoefu: likizo ya familia kwenye boti ya kukodi mferejini

Binti Chumbageni
Habari zenu ndugu. Kila kiangazi tunaulizana humu nauli za Desemba na hoteli za Dubai. Leo naleta jingine. Nani kati yenu amewahi kukodi boti ya mferejini akalala humo na familia? Sisemei kile kizunguko cha watalii pale Little Venice, London. Nasema kukabidhiwa ufunguo, uendeshe mwenyewe wiki nzima. Naanza mimi.

Tulikuwa sita: mimi, baba watoto, watoto watatu, na mama yangu aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Tulichukua mfereji wa Llangollen, ule unaotoka Uingereza ukaingia Wales. Leseni hawaulizi. Kijana wa pale tulipokodi alipanda nasi kama dakika arobaini, akatuonyesha injini, tangi la maji na namna ya kufunga kamba, akashuka, akatupungia mkono. Baba watoto kabaki kashika boti ya mita 18 kwa urefu, na upana wake mita 2 na kidogo. Mama akaingia ndani, akatembea toka mwanzo hadi mwisho, akarudi: "Hii si boti, mwanangu. Hii korido imetiwa injini."

Na kweli. Mtu akitaka kwenda chooni, mwingine lazima akae kwanza ili apishwe. Wembamba huo una sababu yake: loki nyingi za zamani (vile vyumba vya maji vya kupandisha na kushusha boti) zilijengwa kwa upana wa futi 7, na boti zikaundwa kwa kipimo hichohicho tangu enzi za kubeba makaa ya mawe na kukokotwa na farasi.

Mwendo usiseme. Mwisho ni maili 4 kwa saa, na ukipita penye boti zilizofungwa unapunguza zaidi. Ukiwamwagia watu chai yao utaambiwa. Halafu mfereji huu una mkondo, maana ndio unaopeleka maji ya mto Dee hadi bwawa la Hurleston, kwa hiyo ukielekea Llangollen unasukumana nao. Siku ya tatu mama akashuka na mjukuu wake wakatembea kando, kwenye njia waliyopita farasi zamani. Wakatuacha. Tuliwakuta wamekaa chini ya daraja la mbele wanatafuna njugu, wakatuuliza tumepatwa na nini.

Sasa Pontcysyllte. (Matamshi msiniulize.) Ni daraja, lakini hapapiti gari juu yake, yanapita maji: hori la chuma la mita 307, limebebwa na nguzo za mawe mita 38 juu ya mto. Wahandisi Telford na Jessop walilimaliza mwaka 1805, na UNESCO wameliweka kwenye urithi wa dunia tangu 2009. Upande mmoja kuna njia ya miguu na vyuma vya kushika. Upande wa pili hakuna kitu. Ukingo wa hori haufiki shubiri juu ya maji, kwa hiyo ukitazama upande ule unaona vilele vya miti viko chini yako. Mama alikuwa anaosha vyombo, na sinki lilikuwa chini ya dirisha la upande huohuo. Akanyanyua macho. Hakupiga kelele. Alifunga bomba, akavuta pazia, akakaa sakafuni na tasbihi yake mpaka aliposikia matawi yanakwangua boti tena.

La khanga lilikuwa siku ya tano. Mama kaianika yake juu ya paa, upepo ukaichukua, tukasikia injini inanguruma halafu kimya. Kule nyuma, juu ya pangaboi linalosukuma boti, kuna tundu lenye kifuniko. Unazima injini, ufunguo unautia mfukoni mwako, ndipo unafungua. Baba watoto alilala kifudifudi, mkono mpaka begani kwenye maji ya baridi, na kisu cha mkate. Dakika arobaini na tano. Vikatoka matambara tu. Tambara kubwa kuliko yote lilikuwa na kipande cha jina: HAUOZI. Khanga ilikuwa ya "Wema hauozi". Mama amelifunga kwenye sanduku, ameenda nalo Tanga.

Haya karibuni. Mvua, ugomvi, gharama, leteni vyote.

Bei Gani
Anza na gharama dada. Hayo mengine yatafuata.

Binti Chumbageni
Pauni 1,700 na ushei, wiki moja ya Agosti, vitanda sita, dizeli juu yetu. Mwezi wa tano ingeshuka sana, lakini wenye watoto wa shule tunajua ukimtoa mtoto wakati wa masomo faini inakusubiri.

Msee wa Leicester
Sisi tulienda Foxton, si mbali na kwetu. Pale loki ziko kumi, zimepangwa kama ngazi ya kupanda kilima, tano halafu tano, na katikati kuna nafasi ya boti kupishana. Zimekuwa hapo tangu 1814. Kwa wale hawajui, loki ni kama bafu kubwa lenye milango miwili. Unaingiza boti, unafunga, unafungua vilango vidogo vya chini ya maji ukitumia hendeli ya chuma, maji yanakupandisha ama yanakushusha. Hizi za ngazi zimeshikana, lango la juu la moja ndilo la chini la ile inafuata. Ukikosea mpangilio unafurika hapa unakauka pale. Ndio maana vilango wamevipaka rangi. Nyekundu kwanza, nyeupe baadaye. Wako na kashairi kao kwamba ukianza na nyeupe utatamani ungekufa. Ukienda mchana wa kiangazi utakuta wazee wa kujitolea wa Canal & River Trust wanakuelekeza, na ni watu wazuri sana, ila wanapenda stori.

Kijana wangu ako na miaka 15. Hajatoa vitu masikioni tangu Januari. Loki ya kwanza alikaa juu ya paa akinuna. Ya pili akashuka kuangalia. Ya tatu mzee mmoja akamwambia, "Si mikono. Geuka, egemeza makalio, sukuma kwa miguu." Lile lango ni mbao nzito ajabu, lakini likisukumwa hivyo linaanza kuenda polepole, peke yake. Akampa mamake simu amshikie. Loki saba zilizobaki alifanya yeye, na mimi sikuruhusiwa kugusa hendeli.

Mvua ilitunyeshea siku nne kati ya saba. Anayeendesha anasimama nje, hakuna kioo, hakuna paa. Bebeni koti la mvua la maana, si lile la kukimbilia basi.

Bei Gani
Na asiyejua kuogelea? Mke wangu hata beseni anaogopa.

Msee wa Leicester
Mfereji wenyewe mara nyingi ukianguka unasimama, maji ya kifuani, na aibu. Loki ndiyo ya kuogopa, kina na mwendo wa maji pale ni kitu kingine. Watoto wavae jaketi okozi toka asubuhi, wasibishane. Na mtu asitoe mguu wala mkono kuzuia boti isigonge ukuta. Ni tani nyingi. Wacha igonge.

Mkokotoni Halisi
Nami niseme, ila msinicheke.

Mie mzaliwa wa Mkokotoni, marehemu baba alikuwa nahodha wa jahazi. Kana, ule mkono wa usukani, nimeishika kabla sijajua kusoma. Basi yule kijana wa kukodisha alipoanza kunisomesha usukani nikamwambia mwanangu we nenda zako, wafundishe hawa wanawake kufunga milango. Na usukani haukunishinda. Ukiisukuma kana kulia, omo, yaani mbele ya boti, inakwenda kushoto, hilo kwetu halifundishwi. Kilichonishinda ni maji yenyewe. Baharini maji yanakupwa kwa saa sita, unayaona yakiondoka. Ndani ya loki yanakupwa kwa dakika chache, mita mbili na zaidi, na wewe umo ndani.

Tulikuwa tunashuka. Mke wangu yuko lango la mbele na hendeli, binti yetu wa miaka 12 yuko juu ukingoni. Sasa, nyuma ya loki, chini ya lango la juu, kuna kizingiti. Loki ikijaa hukioni. Wamechora mstari mweupe ukutani: tezi, yaani nyuma ya boti, ibaki mbele ya mstari huo, basi. Mie nilikuwa kwenye simu na kaka yangu yuko Muscat, namwonyesha kwa video namna Waingereza wanavyopandisha boti mlimani. Boti ikarudi nyuma pole pole. Mtoto akaita, "Baba." Nikamwashiria kwa mkono asubiri. Akaita tena.

Nikasikia tezi imegota. Kidogo tu, kama mtu aliyekaa kwenye kiti. Maji yanashuka, omo inashuka nayo, tezi imebaki palepale. Jikoni vikombe vikaanza kuteleza kimoja kimoja, halafu sufuria ya mchuzi ikaanguka. Mke wangu ameganda na hendeli mkononi. Aliyepiga kelele ni mtoto: "Mama, funga! Funga vya kwako!" Kumbe nilipokuwa namfukuza yule kijana, yeye alikaa akamsikiliza. Vilango vya chini vikafungwa, mtoto akakimbilia lango la juu, akavifungua vya huko kidogo kidogo, maji yakarudi, tezi ikanyanyuka. Mie nimeikumbatia kana. Simu iko chini kwenye mbao, na kaka yangu anauliza, "Mbona naona mawingu tu?"

Boti huzama hivyo, jamaa zangu, na haichukui muda. Tangu siku ile usukani ukishikwa na mie, binti yangu anasimama ubavuni.

Na wewe dada wa Tanga, kile kifuniko cha juu ya rafadha mlikikaza? Kikilegea, ukiwasha injini maji yanarushwa ndani.

Binti Chumbageni
Alikikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Ila hilo la kizingiti limenitoa jasho. Sisi mstari tuliuona, hatukujua hasa wa nini.

Mama Swaleh
Naona mwakwepa choo. Haya mie nitasema. Cha kwetu kilikuwa na kasha la plastiki kama sanduku la safari, lenye magurudumu. Likijaa walivuta mpaka kituo cha kumwagia, wamwaga, wasuuza, warudi nalo. Kila siku ya pili. Ziko boti zenye tangi kubwa, lanyonywa kwa mashine, na hizo ndizo nitakazochukua nikirudi hata kama ni ghali. Ulizeni kabla ya kulipa, wao hawasemi, wakuonyesha picha za maua tu.

Maji nayo. Tangi lajazwa kwa mpira, na mna mabinti wanne wa kuosha nywele, na mna kutawadha mara tano. Tulijaza kila siku, na kila tulipokuta bomba tulisimama hata tangi likiwa nusu.

Swala ilikuwa na kichekesho chake. Kibla kwa huku ni kusini-mashariki, na mfereji wapinda kama nyoka. Ndani hamna nafasi ya safu, mtu nyuma ya mtu tu, na kwa upana huwezi hata kusujudu vizuri. Twaswali nje kwenye nyasi, baiskeli zapiga kengele. Sasa siku moja tukafunga boti, mume wangu akatoa simu akatazama dira: boti yote yaelekea kibla sawasawa, kama iliyopimwa. Hakukubali tuondoke. Tulijumuisha adhuhuri na alasiri mumo humo ndani, jamaa nzima mstari mmoja kutoka sebuleni hadi jikoni.

Nyama nilibeba ya kugandishwa kutoka London, halali yangu. Friji lakini ni dogo, la pili likaja kuwa ndoo yenye barafu. Pilau kwenye jiko la gesi la boti yawezekana. Chapati pia, bora boti iwe imefungwa, maana aliye kwenye usukani akigonga ukingo mafuta yamwagika.

Mukivu wa Toulouse
Jambo mandugu. Siye wa huku Ufaransa tuko na mfereji wa Canal du Midi, uliojengwa na Riquet, ulimalizika 1681, kilomita 240 kutoka Toulouse kwenda Mediterania. Boti zake ni pana, za plastiki, watoto wanakimbia ndani. Leseni hapana, anayekukodisha anakuandikia karatasi ya muda. Loki zake za zamani ziko na umbo la yai, si mstatili, na kwa nyingi kuna mtu wa kazi ya kufungua, wewe unarusha kamba tu. Ila saa sita na nusu mchana anafunga, anaenda kula. Siye tulifika saa sita na dakika thelathini na tatu. Tulimwona kupitia dirisha anakata mkate. Shemeji yangu akapiga honi. Yule mtu akanyanyua kisu kama salamu, akaendelea kula. Saa nzima kwenye jua la Julai.

Kivuli pia kimepungua. Ile miti mikubwa ya kando wanaikata kwa maelfu, iko na ugonjwa wa kuvu. Sehemu zingine wamepanda mipya, ingali midogo.

Bei Gani
Mke wangu amesoma uzi wote. Amekubali kwa sharti la choo cha tangi, na mimi nisishike simu. Foxton au Llangollen kwa mara ya kwanza?

Msee wa Leicester
Llangollen. Loki kidogo, milima mingi. Foxton uje uone tu kwa miguu, chai iko.

Binti Chumbageni
Naunga mkono. Na pale Pontcysyllte mwenye kuogopa asioshe vyombo.

Mama amepiga simu jana, nikamsomea la kizingiti. Anasema yule binti wa Mkokotoni atafutiwe khanga nzuri, jina atachagua mwenyewe.

Mkokotoni Halisi
Mwambie bibi ahsante, lakini khanga anazo. Anachotaka ni hendeli yake mwenyewe ya chuma. Ameniomba nimnunulie siku yake ya kuzaliwa, na ameshanitumia picha.