Naomba ushauri: somo la haipamidia kwenye skuli isiyo na intaneti

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nasomesha jiografia sekondari huku Wete, Pemba. Natengeneza somo la haipamidia (maandishi, picha, video na sauti zilizounganishwa kwa viungo vya kubofya) kuhusu Msitu wa Ngezi: ramani ambayo mwanafunzi akibofya sehemu anapata picha, maelezo, video fupi au sauti ya popo wa Pemba. Kurasa za HTML (lugha ya kutengenezea kurasa za wavuti) hufunguka kwenye kivinjari bila mtandao, kwa hiyo nitazibeba kwenye flashi. Hapo sina wasiwasi.

Kinachonitatiza ni viungo vyenyewe. Mmarekani Ted Nelson, aliyelitaja wazo la haipamidia mwaka 1965, alitaka msomaji ajichagulie njia. Sawa, lakini mtoto asiyeijua mada atachaguaje? Nilivyoona kwenye majaribio, wanakimbilia video zote, maandishi hawagusi (na sisi wakubwa hatujambo!), mwisho hawajui wako ukurasa gani.

Je, niweke viungo viwili vitatu tu kila ukurasa pamoja na kitufe cha kurudi kwenye ramani? Au niviache huru, niwape karatasi ya maswali ya kuwaongoza? Na sauti ya maelezo niirekodi kwa Kiswahili, ilhali mtihani ni wa Kiingereza?

Aliyewahi kufanya hivi na darasa kubwa, kompyuta moja wanafunzi wanne, tafadhali anielekeze.