Chili ya nyumbani haikolei: nifanye nini?

Kibakuli

Wakuu, naombeni msaada. Napika chili, ule mchuzi mzito wa nyama na pilipili wenye asili ya Texas, Marekani: nyama ya ng'ombe ya kusaga, vitunguu, saumu, nyanya za kopo, maharagwe mekundu na unga wa chili wa kwenye kichupa. Inaiva, rangi inavutia, lakini ukionja unakuta nyanya na ukali, basi. Nikiongeza unga inazidi kuwa chungu. Nikiongeza chumvi inakuwa chumvi tupu.

Sitaki iwe kali zaidi, kwa sababu watoto nao wanaila. Nataka ikolee. Muda ninao, hata nikikaa jikoni saa tatu si tatizo. Nianzie wapi?

Mwiko_Mrefu

Karibu sana. Hiki ni chakula ninachokipenda mno, kwa hiyo nivumilie nikiwa mrefu kidogo.

Anza kwa kuweka pembeni hicho kichupa. Unga wa chili ni mchanganyiko wa pilipili iliyosagwa, jira, oregano (majani makavu yenye harufu kali) na saumu kavu, wakati mwingine na chumvi. Ukishakaa kabatini miezi, harufu inakwisha na uchungu unabaki. Tafuta pilipili kavu nzima. Ancho ni pilipili aina ya poblano iliyoiva ikakaushwa: ukali wake ni mdogo na ina utamu kama wa zabibu kavu. Guajillo ina uchachu wa mbali na inatoa rangi nyekundu safi. Chipotle ni pilipili aina ya jalapeño iliyokaushwa kwa moshi. Hiyo ni kali, kwa hiyo moja inatosha sufuria nzima. Kwa ajili ya watoto, toa mbegu na hasa ule utando mweupe wa ndani, maana ukali umejaa kwenye utando kuliko kwenye mbegu zenyewe.

Kwa kilo moja ya nyama, ancho 4 na guajillo 3 ni mwanzo mzuri. Zipasue, zipitishe kwenye kikaango kikavu, moto wa wastani, kama nusu dakika kila upande. Zikinukia tu, toa. Hapo usigeuke hata kuangalia simu: pilipili iliyoungua ni chungu, na uchungu huo hauondolewi na sukari wala nyanya. Ziloweke kwenye maji ya moto dakika 20, kisha uzisage kwenye blenda ziwe rojo laini. Onja maji ya kulowekea. Yakiwa machungu yamwage, sagia na supu.

Nyama ya kusaga si mbaya, ila kwa kuwa una saa tatu, chukua nyama ya bega, uikate vipande vya sentimita 2 au 3. Bega lina kolajeni nyingi, yaani protini ngumu ya kano na ngozi za ndani ya nyama, ambayo ikitokota taratibu hugeuka jelatini, na mchuzi unakuwa mzito wenyewe. Vipande vipanguse maji, vitie chumvi, kaanga kwa mafungu. Ukijaza sufuria kwa mkupuo mmoja, nyama itatoa maji, na maji yanayochemka hayapiti nyuzi 100. Ili nyama ishike rangi ya kahawia na kutoa ile harufu ya kukaangwa, inahitaji nyuzi 140 hivi. Acha upande mmoja ushike kabla ya kugeuza. Ukoko utakaobaki chini usiuoshe! Mimina vitunguu hapo hapo, maji yake yataulegeza, nawe ukwangue kwa mwiko.

Vitunguu vikibadilika rangi, tia nyanya nzito ya kopo vijiko viwili, ukaange mpaka iwe rangi ya tofali. Kisha jira na oregano, ndani ya mafuta, kabla ya kitu chochote chenye maji. Harufu nyingi za viungo huyeyuka kwenye mafuta. Jira inayorushwa juu ya mchuzi unaochemka inakupa nusu ya ilichonacho. Inunue nzima, ikaushe kikaangoni, isage mwenyewe. Oregano ukipata ya Mexico ni bora zaidi. Ni mmea wa jamii nyingine kabisa, si ndugu wa mnanaa kama ile ya Mediterania. Dakika moja inatosha, kisha rojo la pilipili, lichemke kidogo na mafuta, ndipo nyama irudi na supu imiminwe. Moto mdogo, saa mbili na nusu hivi.

Ikiwa bado imepooza, kijiko cha sosi ya soya au uyoga mkavu uliosagwa. Hivyo vina glutameti, nyama ina inosineti, vitu viwili vya asili vinavyoleta utamu wa nyama mdomoni, na vikikutana ladha ya nyama inapanda kuliko kila kimoja kikiwa peke yake. Halafu, moto ukishazimwa, kijiko cha siki au maji ya ndimu. Wengi huongeza chumvi pale ambapo kinachokosekana ni uchachu, na kwa maelezo yako naamini hilo ndilo linaloisumbua sufuria yako.

Jiko_la_Jioni

Naunga mkono yote, hasa siki. Niongeze kuhusu maharagwe. Texas walitangaza chili kuwa chakula rasmi cha jimbo mwaka 1977, na wengi huko hawataki kuona haragwe ndani yake. Mimi natia, tena kwa moyo mmoja, lakini nayapika peke yake kwanza, na kitunguu, saumu na chumvi. Yakiingia mabichi kwenye nyanya, asidi inayafanya yabaki magumu.

Na tafadhali, kama unatumia makavu: loweka saa 5 au zaidi, mwaga maji yale, yachemshe kwa nguvu kwenye maji mapya. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inashauri yachemke angalau dakika 30. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu, lektini inayoleta kutapika na kuharisha vibaya, na jiko la umeme la kupika polepole linaweza lisifikie joto la kuiondoa. Ya kopo yameshapikwa, hayo hayana shida.

Kibakuli

Asanteni sana, nyote wawili. Mawili ya mwisho: nimesikia watu wanatia kakao na mdalasini, je vinafaa? Na nikikosa ancho?

Mwiko_Mrefu

Vinafaa, kwa mkono mwepesi. Chili ya Cincinnati, iliyoanzishwa na wahamiaji kutoka Masedonia na Ugiriki miaka ya 1920, inategemea mdalasini na viungo vitamu vya namna hiyo, na huliwa juu ya tambi. Kwa kilo yako ya nyama, mdalasini robo ya kijiko cha chai, kakao isiyo na sukari kijiko kimoja cha chai, vyote viingie pamoja na jira. Ukionja ukaweza kusema "hii ni kakao", imezidi. Kahawa nyeusi nayo ni nzuri, nusu kikombe badala ya supu, lakini siku hiyo acha kakao. Uchungu wa viwili hivyo ukijumlika unafunika pilipili.

Ancho ukikosa, tumia paprika tamu na kidogo ya ile ya moshi, kopo lililofunguliwa karibuni. Ikaange sekunde chache tu, ina sukari na inaungua upesi.

Na ukiweza, ipike siku moja kabla. Igawe kwenye vyombo vipana visivyo na kina ipoe haraka, iingie friji ndani ya saa mbili. Kesho yake mafuta yatakuwa yameganda juu; punguza ukitaka, ila usiyatoe yote, humo ndimo viungo vilimo. Pasha taratibu, na chumvi na siki uvipime upya kabla ya kupakua.