Mvumo na milio isiyoeleweka kwenye spika za kompyuta: nianzie wapi kutafuta chanzo?

Mkazi wa Gungu, Kigoma

Salamu kwenu wataalamu na wazoefu wa mambo ya umeme na sauti. Nyumbani kwangu Gungu nina kompyuta ya mezani ninayoitumia kuhariri sauti za kwaya na za sherehe, na kwa kuwa sina spika za studio, nasikilizia kwenye sabufa ya kawaida yenye spika zake mbili. Sabufa hiyo inapokea sauti kutoka sehemu mbili: kompyuta imeunganishwa kwa waya wa jeki ndogo ya milimita 3.5, na king'amuzi cha runinga kimeunganishwa kwa waya wenye vichwa vyekundu na vyeupe. Dishi liko nje, limefungwa kwenye bomba la chuma lililosimikwa ardhini kando ya ukuta.

Kelele ninazosikia ni za aina tatu. Kubwa kuliko zote ni mvumo mzito usiokatika, ambao hupanda nikiongeza sauti kwenye sabufa lakini haubadiliki kabisa nikipunguza sauti ndani ya kompyuta. Ya pili huja na kuondoka, zaidi nyakati za jioni: milio mifupi ya kukatikakatika, ti-ti-tit, ti-ti-tit, mara nyingine ikifuatiwa na mngurumo mkali, kisha kimya. Ya tatu ni mluzi mwembamba sana unaobadilika ninaposogeza kipanya au ninapofungua faili kubwa.

Nimebadilisha waya wa jeki na kuihamishia sabufa kwenye soketi nyingine bila mafanikio. Fundi mmoja wa mtaani ameisikiliza na kusema sabufa imekwisha, ninunue nyingine. Kabla sijatoa fedha ningependa kujua namna ya kukifuata chanzo chenyewe, kwa sababu sina hakika kwamba kelele hizi hazitahamia kwenye hiyo mpya.

Fundi wa Isevya, Tabora

Ndugu wa Gungu, fedha yako iache mfukoni kwanza. Umetaja jambo ambalo peke yake linapunguza sana eneo la kutafuta: mvumo haubadiliki unapopunguza sauti ndani ya kompyuta, lakini unabadilika kwenye kitufe cha sabufa. Maana yake ni kwamba unaingia njiani, baada ya kompyuta kumaliza kazi yake na kabla ya kitufe hicho, yaani kwenye nyaya. Kwa sababu hiyohiyo sidhani kwamba kapasita za umeme ndani ya sabufa ndizo mbovu. Zikichoka, mvumo kwa kawaida husikika hata sauti ikiwa chini kabisa na nyaya zote zikiwa zimechomolewa, na mara nyingi huwa wa hezi 100, mara mbili ya hezi 50 za umeme wetu wa volti 230.

Fanya hivi. Zima vyote, chomoa nyaya zote za sauti kwenye sabufa, kisha iwashe ikiwa tupu uisikilize. Ikiwa kimya, rudisha waya wa kompyuta peke yake usikilize. Utoe huo, urudishe wa king'amuzi peke yake, usikilize tena. Mwisho weka vyote viwili. Ninavyokisia, utakuta kila kimoja peke yake hakina mvumo, na mvumo unazaliwa pale vinapokutana.

Sababu yake ni hii. Kompyuta ya mezani ina plagi ya pini tatu, na kava lake la chuma limeungana na waya wa ardhi wa nyumba. Kava hilo limeungana pia na wavu wa nje wa waya wa jeki, yaani zile nyuzi za chuma zinazouzingira waya wa sauti ndani yake, na wavu huo unafika kwenye sabufa, unakutana na wavu wa nyaya za king'amuzi, kisha unaendelea kupitia kebo ya dishi hadi kwenye bomba ulilolisimika. Kwa hiyo vifaa vyako vinaifikia ardhi kwa njia mbili, moja kwenye fimbo ya ardhi ya nyumba na nyingine kwenye bomba la dishi, na sehemu hizo mbili hazina volti sawa kabisa, hasa kiangazi udongo unapokuwa mkavu. Tofauti hiyo ndogo husukuma mkondo wa hezi 50 kupitia wavu wa waya wa sauti, na sabufa huukuza pamoja na muziki. Kitufe cha kuchagua chanzo hakisaidii, kwa kuwa hukata waya wa sauti tu na kuziacha nyavu zikiwa zimeungana. Ndiyo maana watu hushangaa kusikia mvumo wakati king'amuzi hakijachaguliwa, na hata kikiwa kimezimwa.

Ili kuthibitisha, fungua kebo ya dishi nyuma ya king'amuzi, lakini uchomoe kwanza umeme wa king'amuzi chenyewe. Kebo hiyo hupeleka volti 13 au 18 kwenye kichwa cha dishi, na ncha ya kati ikigusa wavu wakati umeme upo unaweza kukiunguza king'amuzi bure.

Kama una kompyuta mpakato, au jirani anaweza kukuazima, iunganishe na sabufa ikitumia betri, chaja ikiwa imechomolewa. Hapo unakuwa na chanzo cha sauti kisichogusa waya wa ardhi hata kidogo. Kwangu hicho ndicho kipimo chenye faida kuliko vyote, na hakihitaji hata testa.

Mwanga Sokoni, Kigoma

Naona mnazunguka mbali. Mvumo wa namna hiyo dawa yake ni kuondoa ardhi kwenye plagi ya kompyuta. Vunja ile pini ndefu, au weka plagi ya pini mbili na kuifungua soketi kwa kalamu kama watu wanavyofanya kila siku. Mvumo utakatika papo hapo, tena bila gharama yoyote.

Fundi Mama, Ujiji

Ndugu yangu wa Mwanga, mvumo utakatika kweli, na ndiyo maana ushauri huo umeenea, lakini tafadhali tusimpe mwenzetu. Ndani ya pawa saplai ya kompyuta kuna kapasita ndogo za kuchuja kelele, zilizounganishwa kutoka waya wa moto na waya wa nyutro kwenda kwenye kava. Ardhi ikikatwa, kava linaelea kwenye karibu nusu ya volti 230. Mkondo wake ni mdogo, huishia kukuwasha vidole ukigusa chuma ukiwa pekupeku sakafuni, na wengi wetu tunaufahamu mwasho huo. Hatari iko siku ambayo waya wa moto utachubuka na kugusa kava. Ardhi ingekuwepo, fyuzi au saketi breka ingekata. Isipokuwepo, volti zote 230 zitasafiri kwenye wavu wa jeki hadi kwenye sabufa, king'amuzi na bomba la dishi lililo nje, ambako watoto wanacheza. Hiyo kalamu nayo hufungua vifuniko vya soketi ambavyo vinategemea pini ndefu ya ardhi, na kazi ya vifuniko hivyo ni kuzuia vidole na misumari.

Sasa nizungumzie ile ti-ti-tit, maana hiyo haina uhusiano wowote na mvumo. Hiyo ni simu inayotumia mtandao wa 2G. Simu hiyo haitumi mawimbi mfululizo, bali hugawana masafa na wenzake kwa zamu: muda umekatwa katika vipande vinane, na simu hutuma kwenye kipande chake kimoja tu, kisha husubiri zamu irudi. Wakati wa maongezi zamu hiyo hurudi takriban mara 217 kwa sekunde. Mawimbi yenyewe, ya megahezi 900 hivi, hakuna sikio linaloweza kuyasikia, lakini transista za mwanzo ndani ya amplifaya huyageuza kuwa mapigo ya umeme, na kuwaka na kuzimika mara 217 kwa sekunde ni sauti ambayo sikio linaisikia vizuri. Robo ya urefu wa wimbi hilo ni kama sentimita 8, kwa hiyo hata kipande kifupi cha waya ndani ya sabufa kinatosha kuwa antena. Kubadilisha waya wa jeki hakukuwa na namna ya kusaidia.

Jambo jingine ni kwamba simu hupandisha nguvu yake pale mawasiliano yanapokuwa hafifu, na simu ya 2G kwenye masafa hayo inaweza kufika wati 2. Chini ya paa la bati, kwenye chumba cha ndani, mara nyingi itakuwa inasukuma kwa nguvu. Je, kuna simu ya kitochi inayokaa karibu na sabufa? Iweke juu ya sabufa na upige *106#, ile huduma ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukisikia milio ileile kabla majibu hayajatokea kwenye kioo, hakuna haja ya kutafuta zaidi.

Mkazi wa Gungu, Kigoma

Nawashukuru sana. Nimefuata maelekezo kama mlivyoyatoa.

Sabufa ikiwa tupu iko kimya. Kompyuta peke yake, hakuna mvumo. King'amuzi peke yake, hakuna mvumo. Vyote viwili vikiwa pamoja, mvumo umerudi vilevile, na nilipochomoa umeme wa king'amuzi na kufungua kebo ya dishi, ukatoweka hapohapo ingawa nyaya za sauti zilibaki zimeungana. Fundi wa Isevya ameukamata akiwa Tabora bila kuuona.

Kuhusu simu, Fundi Mama naye amelenga penyewe. Mke wangu ni wakala wa fedha za simu, na simu yake ndogo ya kazi huwekwa kwenye rafu ileile ya sabufa ikichajiwa. Wateja wengi huja jioni wakitoka kazini, na huo ndio wakati wa milio. *106# imeliza sabufa kabla ujumbe haujafika. Simu tumeihamishia upande wa pili wa sebule na milio haisikiki tena, isipokuwa kwa mbali sana ukitega sikio.

Mluzi wa kipanya bado upo. Na dishi siwezi kuliacha limechomolewa, kwani familia nzima itanigeuka. Nifanyeje?

Fundi wa Isevya, Tabora

Kwa dishi, tafuta kifaa kidogo kinachouzwa kwenye maduka ya redio za magari kwa jina la kuzuia mvumo, chenye transfoma mbili ndogo ndani, moja ya kushoto na moja ya kulia. Sauti huvuka kwa sumaku bila waya wa upande mmoja kugusana na wa upande wa pili, hivyo mzunguko unakatika bila kugusa plagi yoyote. Uhakikishe tu kwamba nyavu za pande mbili hazijaungana ndani yake, testa itakuonyesha. Kiweke kwenye nyaya za king'amuzi, usikiweke kwenye za kompyuta. Transfoma za bei nafuu hupunguza besi, na wewe unahitaji kusikia besi ya kompyuta ilivyo ili uhariri vizuri; taarifa ya habari haitadhurika.

Fundi Mama, Ujiji

Nakubali kifaa hicho kitakata mvumo, lakini mimi ningeanza na bomba la dishi. Chuma kilichosimama nje kikiwa na ardhi yake peke yake, bila kuunganishwa na ardhi ya nyumba, ni jambo la kurekebishwa hata kama kusingekuwa na mvumo wowote. Radi ikipiga karibu, tofauti ya volti kati ya ardhi hizo mbili huwa kubwa mno, na njia iliyopo ya kuzisawazisha ni ileile inayopita kwenye king'amuzi, sabufa na kompyuta. Mvua zetu huku magharibi huanza karibu Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na radi zake kila mtu anazijua. Mwite fundi umeme mwenye leseni aunganishe bomba, pamoja na wavu wa kebo pale inapoingia ndani, na fimbo ya ardhi ya nyumba kwa waya mnene wa shaba, kisha apime kama fimbo yenyewe bado inafanya kazi. Huenda mvumo ukapungua sana kwa hilo pekee. Ukibaki kidogo, weka kifaa cha Fundi wa Isevya. Radi ikianza kunguruma, kebo ya dishi na plagi vichomolewe bila kujali waya wa shaba.

Fundi wa Isevya, Tabora

Hapo kwenye radi sina ubishi na Fundi Mama. Aanze na hilo.

Nimalizie mluzi wa kipanya. Huo unatoka ndani ya kompyuta: prosesa na kadi ya picha hubadilisha matumizi ya umeme kila kazi inapobadilika, na sehemu ya sauti kwenye ubao mama inachangia njia za umeme na vyombo hivyo. Ikiwa umechomeka jeki kwenye tundu la mbele, ihamishie kwenye tundu la kijani la nyuma, kwa sababu waya wa tundu la mbele hupita katikati ya kelele zote za ndani ya kava. Kwenye mipangilio ya sauti zima njia za maikrofoni na za kuingizia sauti ambazo huzitumii. Kisha pandisha sauti ya kompyuta hadi karibu na mwisho na ushushe ya sabufa, ili sabufa isilazimike kukuza mluzi pamoja na muziki; wengi hufanya kinyume chake.

Ukibaki hata baada ya hapo, nunua adapta ndogo ya sauti ya USB. Ichomeke kwenye mlango wa nyuma wa kompyuta, na usiitumie kwenye kigawanyio kimoja na kipanya.